Masikio ya Jiwe

Babu yangu alikuwa haamini neno lolote linalotoka mdomoni mwangu, na sababu alikuwa nazo. Nilipokuwa darasa la nne nilimwambia ziwa limekauka, akatoka na taulo kiunoni kwenda kuangalia. Nilipokuwa la sita nilimwambia mchungaji anakuja kumtafutia mke, akavaa shati la Jumapili, akakaa sebuleni saa nzima akisubiri ugeni. Tangu hapo nikimwambia chai imeiva, anakwenda kwanza kulishika birika.

Ndivyo tulivyoishi. Kwetu babu na mjukuu wa kike ni watani, hilo haliombewi kibali. Kila asubuhi kabla sijaenda shule:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umenipikia nini?"

"Nimekupikia talaka, iko jikoni inapoa."

"Chumvi umeweka?"

Mama alikuwa akipita katikati yetu na mkoba wake, anatikisa kichwa kama mtu aliyepangishwa nyumba moja na vichaa wawili. Mama ni binti yake babu. Ni fundi cherehani, ana chumba cha kushonea Igoma, upande wa pili wa mji, kwa hiyo alikuwa anaondoka mapema na kurudi sisi tumeshakula. Bibi alifariki sijazaliwa. Baba yangu sina habari zake za kuandika hapa. Sifichi, hazipo tu.

Nyumba yetu iko juu Nyegezi, kwenye yale mawe. Nyuma ya jiko kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, na aliyejenga aliona asipoteze matofali, akalifanya ukuta wa nne wa bafu. Pembeni ya jiwe hilo linakaa pipa letu la maji. Maji ya bomba kwetu yanatoka siku mbili kwa wiki, akipenda Mungu na watu wa maji wakikubaliana naye, kwa hiyo pipa ndilo roho ya nyumba. Na pipa lilikuwa na ufa.

Sasa babu yangu alikuwa fundi wa mitumbwi. Maisha yake yote alisimama ndani ya ziwa, maji mapajani, akiziba nyufa za mbao kwa pamba na patasi butu. Hakuna ufa uliomshinda. Ufa wa pipa aliuziba pia, lakini aliubakiza kidogo makusudi. Tone moja linadondoka, unahesabu mpaka tano, linadondoka jingine. Nilimuuliza kwa nini asimalize kazi.

"Hapo pana wageni wangu," alisema.

Wageni wenyewe walikuwa vitu vya kijani vilivyojibandika chini ya jiwe, pale penye kivuli tone linaporukia. Si majani, si magugu, si ule ukoga unaoteleza bafuni. Ni vitu bapa, vimekunjikakunjika pembeni, vinene kidogo, kimoja juu ya kingine, kama masikio yaliyoegeshwa kwenye jiwe yakisikiliza kinachosemwa ndani. Babu aliyaita masikio ya jiwe. Alisema nikiwa shule huwa anayahadithia maisha yake. Nikamwambia ndiyo maana yamesinyaa, yanaomba uhamisho.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa bailojia alitaka kila mtu alete mmea usio na maua wala mbegu. Darasa lilileta maajabu. Mmoja alileta mchicha alioukata maua kwa wembe. Mimi nilibandua sikio moja la jiwe, nikaliweka kwenye kifuniko cha kopo na maji kidogo. Mwalimu alilitazama kwa lenzi, akalitazama tena. Akageuka kuandika ubaoni: Marchantia. Alikuwa na furaha kama mtu aliyekutana na mkwewe ugenini. Alituonyesha juu ya lile sikio vikombe vidogo kama punje ya mtama, na ndani ya kila kikombe vidonge vya kijani ambavyo bila lenzi huvioni vizuri. Tone la maji likiangukia kikombe, alisema, vidonge vinaruka nje, na kila kimoja kikitua penye unyevu kinakuwa mmea mzima. Haulali na mtu, hauhitaji mbegu, unahitaji tone tu. Darasa lilicheka hapo, mnajua lilivyo.

Kisha akaongeza kwamba kwa Kiingereza jina la kundi la mimea hii lina neno ini ndani yake. Watu wa Ulaya wa zamani waliuona mmea huu umefanana na ini, wakaamini unatibu ini. "Walikosea," alisema, akapitia safu moja moja kuhakikisha tumeandika. Niliandika. Lipo kwenye daftari langu mpaka leo, neno la mwisho chini ya ukurasa, na nukta yake.

Ini la babu lilikuwa bovu. Kichocho cha ziwani kilikuwa kimeingia ndani yake zamani, kikakaa humo miaka akiwa anaziba mitumbwi ya watu, na tulipokuja kujua kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Tumbo lilianza kujaa. Alikuwa na kadi ya kliniki, ana tarehe zake, ana vidonge vyake kwenye kikopo. Nilikuwa namuuliza mimba ni ya nani. "Yako," ananijibu, "na matunzo utatoa."

Siku ile nilirudi nyumbani nimejaa habari. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na pipa, anachonga kijiti cha meno.

"Babu, masikio yako yana jina la kizungu."

"Yamebatizwa lini na mimi sikualikwa?"

Nikafungua daftari. Sisi tunaandikiwa kwa Kiingereza, na babu aliishia darasa la tatu la zamani zile, kwa hiyo nikawa nasoma na kutafsiri, kidole kwenye mstari. Vikombe, vidonge, tone. Alipenda hapo pa tone, akatazama pamba yake kwenye pipa kwa majivuno. Nikafika pale pa ini.

Kisu kikasimama. "Rudia."

Nikarudia. Watu wa zamani waliamini mmea huu unatibu ini.

Lilikuwa limebaki neno moja. Lakini nilimwona uso, ule uso ambao hajawahi kunipa hata siku moja, uso wa mtu anayesikiliza, na utani ukanijia kama chafya. Nikapitisha kidole kwenye mstari wa mwisho nikasoma: "Na waliokula kila asubuhi walipona wote, wengine wakaishi mpaka wakachoka wenyewe."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake pale, kile kidole kilichopinda kwa patasi, juu kabisa ya lile neno la mwalimu. Nilisubiri acheke ili na mimi nicheke. Hakucheka. Alisema, "Basi," akarudi kuchonga kijiti.

Kesho yake nilikuta jiwe lina pengo kama kiganja, na babu anatafuna, amekunja sura.

"Tamu?"

"Jiwe lililooza."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kweli nilidhani ni yeye anayenitania, kwamba safari hii mzee amenipatia. Siku ya tatu pengo lilikuwa kama sahani. Akaniita, sauti yake ndogo, hana utani ndani yake. "Mke wangu, haya yataisha. Wewe umesoma. Yaoteshe."

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo nilikuwa nao, na watu wote wanaonijua watakuambia unafanya kazi. Nilimwambia, "Nitajaribu."

Nikaotesha kwelikweli. Naomba hilo mlijue, kwa sababu katika ubaya wote huu hilo nililifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa shuleni.

Mara ya kwanza niliharibu kama ambavyo yeyote wa kwetu angeharibu. Niliomba samadi kwa jirani mwenye ng'ombe, nikajaza karai, maana kwetu hakuna kinachoota ambacho hakikuanza na mavi ya ng'ombe. Nikapanga vipande vya masikio juu yake kama mtu anayepanda viazi. Baada ya siku chache vilikuwa na ukungu mweupe, vinanuka. Mmea huu hauna mizizi ya kweli, una vinywelea tu vya kushikilia. Ukiulisha unakufa.

Mara ya pili nilitumia udongo mtupu, nikamwagia maji ya bomba siku ile ile yalipotoka. Masikio yakawa ya kahawia pembeni. Nikamuuliza mwalimu kwa kuzunguka, nikasema ni kwa ajili ya mradi. Akanieleza kuhusu dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba. Nikaelewa kwa nini yale ya jiwe yalikuwa yananawiri: maji ya pipa yalikuwa yanakaa siku kadhaa kabla hayajafika kwenye pamba, dawa inakuwa imepanda hewani. Babu alikuwa ameyapatia bila kufundishwa na mtu.

Mara ya tatu nilivunja tofali la kuchoma, vipande vya ukubwa wa ngumi. Nikaviloweka maji ya mvua usiku kucha mpaka vikanywa vikatosheka, nikavipanga kwenye beseni, chini maji kidogo yasiyofunika tofali. Kwa ncha ya kijiti cha meno cha babu nikachota vile vidonge kwenye vikombe nikaviweka kimoja kimoja juu ya tofali. Nikafunika kwa nailoni niliyoitoboa, nikasukuma beseni chini ya uvungu wa jiwe, penye mwanga lakini jua halifiki. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili nukta za kijani. Halafu nukta zikagawanyika mara mbili, kila ncha ikagawanyika tena, na kufikia mwisho wa mwezi matofali yalikuwa na masikio madogo kama ya panya. Nikaweka beseni la pili na la tatu.

Babu alikuwa anakuja na kigoda chake kuyakagua. "Hili hapa limekuwa." Asubuhi anachukua moja tu, kwa adabu, anaosha, anatafuna na uji.

Katikati ya hapo ilifika tarehe ya kliniki. Ilikuwa likizo, na mama alinikabidhi mimi: mpeleke babu yako, msichelewe foleni. Tulishuka mpaka barabarani, babu na koti lake la buluu na kofia. Tukafika stendi. Akakaa kwenye benchi.

"Tusiende," alisema.

"Babu, mama ataniua."

"Hataki kufa, hataki kuua, yuko Igoma anashona. Wale kila nikienda wananitoboa. Haya yangu yanaota, mke wangu. Ngoja yaote. Mwezi ujao watanipima wenyewe washangae."

Nilimtazama. Nilikuwa na neno moja la kusema, neno la herufi tisa. Nikamwambia, "Basi ninunulie muwa." Tukala muwa pale stendi, tukatema makapi, tukarudi polepole kwa sababu ya mlima. Jioni mama akauliza daktari kasemaje. Nikasema, kasema arudi mwezi ujao. Babu akanikonyeza.

Mwezi uliofuata hatukwenda tena.

Masikio yalifika wakati wa kutoa miavuli, vishina vyembamba na kichwa kilichochanuka juu, msitu mzima wa minazi ambayo siafu angekaa chini yake. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo nilichokifanya mimi. Na macho ya babu yakawa ya njano.

Nilijiambia ni mwanga wa jioni. Mama aliyaona Jumapili mchana, wanaota jua nje baada ya kanisa. Alimshika kidevu akamgeuza kama mtoto. Kisha akaingia ndani, akatoka na kadi ya kliniki, akaifungua mbele yangu. Nafasi mbili za mwisho hazikuwa na mhuri.

"Mlikwenda wapi?"

"Tulikula muwa," nikasema, na nilikuwa sitanii, ndivyo ilivyotokea.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alimpeleka babu hospitali siku hiyo hiyo, wakamlaza.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Mama alimuuliza nikiwa nimesimama pale, je, wangekuja tarehe zile ingesaidia? Daktari akasema ini lilikuwa limechoka tangu zamani, huenda isingebadilisha kitu. Aliposema "huenda" alinitupia jicho mara moja, kisha akatazama makaratasi yake. Nimelichambua lile jicho mara nyingi. Sijui lilikuwa la kunionea huruma au la kuniambia ukweli.

Nilikwenda wodini Alhamisi baada ya shule, nimeshaamua. Mama alikuwa ametoka kufua. Babu alikuwa mdogo kitandani, tumbo tu ndilo kubwa. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba," lakini lile la mke wangu halikufuata. Nilitoa daftari kwenye begi. Nikafungua ukurasa, nikachukua kidole chake nikakiweka pale pale.

"Babu, hapa pameandikwa walikosea. Yale mengine niliyatunga mimi. Hayaponyi. Nilikuwa natania."

Ini likifika huko, sumu inapanda kichwani, hilo nalo nimelisoma baadaye. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Akauliza, "Maji yametoka?"

"Yametoka babu."

"Jaza pipa."

Alifariki Jumamosi alfajiri.

Tulimzika Usagara, kwenye shamba la ndugu zake. Kwetu akifa mzee, wajukuu ndio wenye uwanja. Mjukuu anavaa nguo za marehemu, anamwigiza mbele ya waombolezaji, anafichua visa vyake, na watu wanacheka huku wanalia, maana mtu aliyeishi akazeeka haagwi kwa kilio kitupu. Na kwa ukoo wetu kila mtu alijua ni nani. Mama mkubwa, dada yake mama, alinivika mwenyewe lile koti la buluu, akanibandika kofia. "Haya, mke wa marehemu. Tuonyeshe mumeo."

Nikatembea kama yeye. Mkono nyuma, tumbo mbele. Wakacheka. Nikasimama mbele ya ndoo, nikaonyesha anavyochungulia ufa, anavyolionja tone kwa kidole kujua kama ni maji au jasho la pipa. Wazee waliofanya naye kazi ziwani walipigiana makofi. Nikaenda kulishika birika la chai kabla ya kuinywa. Mama mkubwa alikuwa ameshainamisha kichwa kwenye khanga, mabega yanatikisika.

Nikavua kofia. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe:

"Babu alikuwa haniamini. Mara moja tu aliniamini. Nilimsomea daftari nikamdanganya kuna jani linaponya ini. Akalila miezi mitatu. Akaacha kliniki. Nilijua, nikanyamaza."

Turubai zima lililipuka. Yaani lililipuka. Mzee mmoja alianguka kutoka kwenye kiti. "Jani!" wanasema. "Kamlisha majani mume wake kama mbuzi!" Nikasema, "Ni kweli, naapa, ni kweli," wakazidi. Mama mkubwa alinyoosha mkono juu kama mtu anayezama: "Mtoeni huyu mtoto, ataniua!" Nilikuwa nalia, na hilo nalo waliliona ni sehemu ya igizo, wakanishangilia. Kati ya watu wote wale ni mmoja tu hakucheka. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake, mikono mapajani, ananitazama.

Tulirudi Nyegezi baada ya matanga. Pipa lilikuwa limekauka, hakuna aliyekuwepo kulijaza. Masikio yaliyobaki kwenye jiwe yalikuwa yamejikunja, meusi pembeni. Lakini mabeseni yangu chini ya uvungu yalikuwa mazima, nailoni imejaa jasho ndani, miavuli imesimama.

Mama alikuja nyuma ya jiko akasimama. Alifika kidato cha pili, Kiingereza cha kusoma anacho.

"Lete hilo daftari."

Nikalileta. Alisoma ukurasa wote, bila haraka, mpaka chini. Nilimwona alipofika kwenye lile neno kwa sababu aliacha kupumua kidogo. Akalifunga, akanirudishia.

"Sijui nikufanye nini," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sijui kabisa."

Chini mjini honi za mabasi ya stendi zilikuwa zinalia. Nikafikiri ataingia ndani, lakini alichuchumaa, akainua nailoni ya beseni la kwanza, akatazama kilichokuwamo.

"Haya yanawekewa maji gani?"

"Ya mvua. Au ya bomba yaliyolala siku mbili."

Ilikuwa siku ya maji. Alifungua bomba, akaanza kujaza pipa kwa ndoo, na mimi nikabeba ndoo nyingine. Lilipofika nusu, maji yakaanza kuchuruzika kwenye ufa, maana ile pamba ya babu ilikuwa imekauka ikajitoa. Mama alikwenda ndani akaja na pamba ya kujazia mito, akaikandamiza kwa kisu cha mezani mpaka maji yakakatika kabisa.

"Bakiza kidogo," nikamwambia.

Akanitazama. Akailegeza kwa ncha ya kisu. Nilichukua kipande kimoja cha tofali chenye masikio, nikakiegesha kwenye lile pengo la jiwe, chini ya ufa. Tulisubiri. Tone lilichelewa, halikuja kwenye tano kama la babu, nikahesabu mpaka tisa, mpaka kumi, ndipo likadondoka. Fundi alikuwa mwingine.